Kifundo cha Verlyn

Tangu mvua za vuli zianze hatujala mezani. Tunakula kwenye kochi, sahani mapajani, kama watu waliohamia jana, kwa sababu mezani kuna oskiloskopu. Ni dude zito lenye kioo cha duara cha kuonyesha mawimbi ya umeme, limevuliwa mabati yake yote, matumbo nje. Aliyelivua ni Verlyn, mume wangu.

Wanaume wa aina yake wamejaa katika mji wetu huu wa Beaverton. Ujana wao wote walivitengeneza vyombo hivi kiwandani, na walipostaafu wakaanza kuvinunua tena vikiwa vibovu, wakavisheheneza kwenye magereji. Magari yetu yananyeshewa nje. Mke wa Roy Tomita, jirani yetu, anasema yeye amekwisha kuzoea. Mimi sijazoea na sina mpango huo.

Hili la mezani lilikuwa na ugonjwa mmoja: picha haikutulia. Ndani yake kuna saketi ya kichocheo, ambayo kazi yake ni kulifanya wimbi lianze kuchorwa pale pale kila mara, ili jicho lilione limesimama. Saketi hiyo iligoma. Wimbi lilikimbia kiooni, likakimbia, mpaka ukilitazama sana unapata kichefuchefu.

Verlyn akabadilisha transista. Likakimbia. Akabadilisha diodi, kidude kidogo kama punje ya mtama ambacho hakitengenezwi tena, alichokuwa amekificha miaka mingi kama dhahabu. Likakimbia vilevile. Akapima, akalehemu, akalehemua, akatukana kwa Kinorwe cha bibi yake. Kitambaa changu cha meza kikapata tundu la kuungua, naye akaniapia lilikuwepo tangu zamani.

Roy akapiga simu. Sauti yake husikika mpaka jikoni.

"Wewe, umeangalia swichi?"

"Roy, usinitukane! Swichi ndizo nilizoanza nazo, hata kabla sijaliwasha. Nimevua vifundo vyote vya kuzungushia, nimepuliza dawa, nimefuta, nimerudisha. Zinang'aa!"

"Basi nije tulitazame pamoja?"

"Ukija nakufungia mlango."

Akakata simu. Nilikuwa nimeshika sufuria na nilitamani kumpiga nayo.

"Mzee, mwache mwenzio aje. Macho manne si mabaya."

"Hili nalimaliza peke yangu."

"Kwa nini? Unashindana na nani humu ndani?"

Aliizungusha bisibisi vidoleni. Kisha akasema bila kuniangalia, "Lorna, nikishindwa na hili, ujue nimeanza. Orrin naye alianza hivi hivi."

Orrin alikuwa kaka yake. Alikuwa fundi kuliko wote, na siku moja alishindwa kuunganisha kengele ya mlango wake mwenyewe. Mwishowe alikuwa akimuuliza mkewe, kwa adabu kabisa, mama huyu ni nani na atarudi kwao lini. Verlyn ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu.

Basi hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikarudisha sufuria mahali pake, nikamkatia kipande kinene cha mkate wa nyama, nikamwekea karibu na chuma chake cha kulehemu. Hakukigusa. Niliogopa, nasema kweli. Nilianza kumchunguza kama mwizi: amesahau miwani, au ameiweka tu? Hiyo hadithi ameshanisimulia, au anairudia kwa sababu ni tamu?

Jumapili baada ya kanisa alikaa tena, na tai yake bado shingoni. Nikasikia ngumi mezani, vikombe vikaruka.

"Shetani wewe! Simama!"

Akakishika kifundo cha kuchagua mahali saketi inapopata ishara yake, akakizungusha kwa hasira mpaka kikagota mwisho.

Wimbi likasimama. Likatulia kiooni, jembamba, la kijani, zuri kweli.

Nilikuja mbio nikitegemea furaha. Nikamkuta amejiinamia. Kile kifundo, chenye mstari mweupe wa kuonyeshea, kilikuwa kinaonyesha mahali patupu usoni pa chombo, pasipo na neno lolote. Hata mimi nilielewa. Siku alipozisafisha swichi alikirudisha kikiwa kimepinda hatua moja. Kila alipodhani amechagua ishara ya ndani, swichi yenyewe ilikuwa kwenye ya nje, ambako hakuna waya hata mmoja. Saketi ilikuwa nzima siku zote.

"Ni mimi," akasema. "Nilikirudisha vibaya kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nikang'oa vitu vizima. Umeona, Lorna? Umeona sasa?"



Nikatoka na mvua ile mpaka gereji, nikaruka maboksi, nikapekua nyuma ya makopo ya rangi, huku nikiwalaani wanaume wote wa kiwanda kile. Nilichokitaka nilikipata: kifundo cheusi kwenye kamba ya kiatu. Pale kiwandani, fundi aliyefanya kosa la kijinga alivalishwa kitu hicho shingoni mpaka saa ya kutoka. Siku nilipomwona Verlyn mara ya kwanza, kantini, alikuwa amekivaa, masikio mekundu, wasichana wote wa kulehemu tukimcheka.

Nikamvika juu ya tai.

"Haya niambie, hiki ulivalishwa kwa kosa gani?"

Akakishika. Akakigeuza.

"Nilirudisha kifundo vibaya."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Ishirini na nne."

"Basi usimsingizie Orrin, Mungu amrehemu. Ujinga huu ulikuja nao mwenyewe. Niliuona kabla sijalijua jina lako, na bado nikakubali kuolewa."

Akaanza kucheka, kisha hakikuwa kicheko tena, nikamshikilia kichwa tumboni kwangu mpaka kikapita.

"Sasa ondoa dude lako mezani."

"Ndiyo, mama."

Jioni ile tulikula kwenye kochi, sahani mapajani. Wimbi lilikuwa limetulia, na mzee alikataa kulizima.