Siku Niliyotumwa Langoni

Miaka ile ya utawala wa jeshi nilikuwa mkuu wa wapiga chapa wa barua katika kampuni moja ya tumbaku mjini Arua. Kazi yangu niliipenda, mpaka tulipoletewa meneja mpya aliyetoka kambi ya jeshi. Aliondoa viti katika chumba cha mikutano, akabakiza chake. Wakuu wa idara tukawa tunasimama asubuhi nzima tukikemewa mmoja mmoja. Aliyechelewa alipigishwa magoti mbele ya wenzake. Mhasibu wetu, mzee mwenye wajukuu, alipigishwa magoti hivyo, nasi tukakodolea macho sakafu. Nikaanza kuamka nimechoka, kama niliyelima usiku kucha.

Msimu wa mvua, msichana mmoja wa chumba changu cha kuchapa alimpeleka mwanawe hospitali ya Kuluva. Mtoto akafariki, wakamzika kijijini Ajia, kwa wakwe za mama yake. Nilikwenda kwa meneja kumwombea yule msichana ruhusa ya matanga.

"Hapa hakuna matanga," meneja alisema bila kuniangalia. "Hapa iko kazi. Akirudi, wewe utangoja yeye pale geti. Utaambia yeye hana kazi."

"Afande, hata udongo wa kaburi haujakauka."

"Wewe nasikia ama hapana?"

Nilisikia. Asubuhi aliyorudi nilikuwa nimesimama langoni kwenye manyunyu. Alikuja amejifunga kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. Aliponiona uso ukamlegea.

"Dada, umetoka kunipokea?"

"Wamekutoa kazini, mdogo wangu," nikasema. "Nimetumwa nikuambie."

Hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kuchukua sweta yake. Mlinzi akainamisha kichwa. "Mama, samahani. Mimi iko na amri."

Nikaingia mwenyewe. Wasichana waliacha kuchapa wakanitazama nikiitoa sweta kwenye kiti, kisha nikichukua na mkoba wangu. Watu baadaye walisema nilikuwa jasiri. Mimi nakumbuka uchovu tu, na miguu iliyokataa kusimama tena mbele ya yule mtu. Nilimvika mwenzangu sweta, nikamsindikiza hadi kwake. Sikurudi ofisini.

Nilipanda lori hadi Koboko, kwa shangazi yangu aliyekuwa akiuza chai na maharage karibu na soko. Alinitandikia mkeka, nikalala hata nikasahau ni siku gani. Nilipoamka alisema, "Mwili umefika, mwanangu. Wewe mwenyewe bado uko njiani."

Ilikuwa kweli. Kwa muda mrefu, mteja akipaza sauti kuagiza chai, nilijikuta nimesimama wima kama nimeitwa na meneja. Nilijifunza kuchochea moto, kupepeta maharage, kuwavumilia wafanyabiashara wa Sudani waliopenda sukari wakati sukari haipatikani. Moshi ulinichoma macho. Zipo siku nilizoitamani ofisi, na mashine yangu ya chapa.

Siku moja dereva wa kampuni akasimamisha gari mbele yetu. "Bwana mkubwa anasema urudi. Kule kila kitu kimevurugika."

"Bado wanasimama?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni. "Wanasimama."

"Basi mimi sirudi," nikasema, nikamwekea sahani ya maharage. Alikula akiwa ameketi kwenye benchi letu, na hakuonyesha haraka ya kuondoka. Yule msichana naye alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka hospitalini, kule kule Kuluva. Dereva ndiye aliyeniletea salamu zake.