Sahani ya Mchicha

Juzi huko Shangani nilimsikia mama mmoja akimsifu mtoto mnene: "Mashaallah, ana afya!" Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, harufu ya mabibo ya mkorosho yaliyokuwa yakioza uani, na kifua cha dada yangu Zuhura, mnene wa nyumba, kikikoroma kwa mafua. Mafua yaleyale yalishaniacha mimi, mwembamba wa nyumba. Nilidhani yamekosea kitanda.

"Mama Zuhura, mwanao hapati lishe bora," alisema jirani yetu muuguzi, akimsikiliza Zuhura kifua. "Mpunguzie soda na maandazi, mpe mboga na matunda."

Mama akamtazama Zuhura, akanitazama mimi. "Huyu? Si huyu mwembamba?"

Hata mimi sikuelewa. Leo najua unene si kinga. Jioni ile mama alichemsha mchicha, akaniwekea mimi sahani nzima. Zuhura akafunguliwa soda, apate nguvu.