Shimo Chini ya Tanuri la Chokaa

Mama mkubwa, dada yake mama, amechoma chokaa miaka thelathini. Nyusi hana, moto ulishaziunguza zamani, na ukimtania anakujibu kwamba wenye nyusi wameanza kazi jana. Jiwe analipima kwa kiganja. Likiungua sawasawa hupungua uzito karibu nusu, umbo likiwa lilelile, kwa sababu hewa iliyofungwa ndani yake imetoka. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ni nzito, hutulia mashimoni, na anayeivuta kwa wingi huanguka kabla hajajua kimempata nini.

Ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kushuka kwenye shimo la kutolea chokaa, chini ya tanuri, kabla yeye hajateremsha taa kwa kamba. Taa ikizimika, watu wangoje. Baba yangu, mjuaji wa kila kitu, aliona hizo ni mbwembwe tu.

"Shemeji, moshi wenyewe uko wapi?" alisema asubuhi ile, koleo lake lilipodondokea shimoni. "Dakika moja tu."

"Shemeji, ngoja taa!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Alishuka ngazi, akainama kuokota koleo, hakuinuka tena.

Mama alipiga yowe akakimbilia ngazi. Mama mkubwa akamdaka kiunoni, akamwangusha, akamkalia. Mama akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Mama mkubwa hakumwachia. "Leteni kulabu!" aliwapigia kelele wachomaji. "Asishuke mtu! Atakayeshuka namvunja miguu!" Nilikuwa binti wa miaka tisa, na nilimchukia kuliko mtu yeyote duniani.

Kulabu ya kuvutia mawe ikakwaruza ukuta, ikakosa. Ikakosa tena. Mara ya tatu ikanasa mkanda. Wakamvuta juu kama gunia, midomo imebadilika rangi, wakampulizia pumzi mdomoni. Tukangoja. Hatimaye akakohoa.

Jioni mama alimfunga dada yake kidonda, aibu imemjaa. "Dada, na kulabu ingekosa tena?"

"Ningeendelea kukukalia."

"Mpaka afe?"

"Mpaka afe. Huyu mtoto angebaki na nani?"

Alisema hivyo baba akiwa palepale, anakunywa maji.  Baba aliniangalia, akaweka kikombe chini, akaanza kulia.