Chumvi ya Roketi Mbele ya Mama Mkwe

Wandera alikuwa na elimu, na hakuna mtu Lodwar aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Alikuwa stoo kipa wa kampuni ya kuchimba mawe kando ya barabara ya Kakuma, na katika ghala lake la mabati kulikuwa na magunia ya nitrati ya amonia, chumvi nyeupe ya kupasulia miamba. Mtu mwingine angesema analinda magunia. Wandera alisema analinda "chumvi ya roketi", kwa sababu chumvi za ukoo huo ndizo husukuma roketi angani, na yeye, kwa undugu wa ghala, alijiona yuko njiani kwenda mwezini. Alipokuwa akifundisha kemia Kakuma, wanafunzi walimwita Mwalimu Roketi. Alidhani ni sifa.

Somo lake lilikuwa lile lile kwa muuza chai, kwa dereva wa lori, hata kwa padri aliyesimama kuuliza njia tu. Chumvi hii, alisema, imebeba oksijeni yake tumboni, na kinachoungua karibu nayo huila oksijeni hiyo kwa pupa. Ndiyo maana roketi huwaka hata pasipo na hewa. Tena ina vituko: joto likipita nyuzi thelathini na mbili, chembe zake hubadilisha umbo na kuvimba, na likishuka husinyaa. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wameagiza ihifadhiwe mahali penye ubaridi. Lodwar! Labda walitaka apange magunia kwenye friji ya soda. Basi chumvi ilivimba na kusinyaa kila siku mpaka ikawa vumbi, na mvua moja ya bahati mbaya ilipopenya mabati, vumbi likashikana mabonge magumu.

Bonge moja jeupe Wandera alilibeba nyumbani liwe pambo la meza. Mtu mwenye akili kiasi angeliacha ghalani, lakini Wandera alikuwa nazo nyingi mno.

Wiki hiyo mama mkwe wake, Namuria, alikuja kutoka Nakalale na mbuzi wa maziwa. Akai, mke wa Wandera, alikuwa amejifungua na maziwa yake hayakutosha. Mtoto aliishi kwa mbuzi huyo. Sasa Wandera ni Msamia, na kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hakai naye chumba kimoja, na akiwa na neno hulipitisha kwa mke. Asubuhi moja Namuria alimkuta mlangoni, akamwonyesha lile bonge.

"Ejok," akamsalimu kwa Kiturkana. "Hii ni nini?"

Wandera alikitazama kidole gumba cha mguu wake. "Chumvi, mama," akasema, akatoroka. Mtu aliyeuchosha mji mzima kwa maelezo alimpa mama mkwe neno moja, kisha akaenda kazini akijipongeza kwa adabu.

Ghalani alimkuta mlinzi, Lomunokol, ambaye somo alilijua kwa moyo.

"Na mbuzi ikilamba hii kitu?" Lomunokol aliuliza.

"Swali zuri sana!" Wandera akapanua kifua. "Ikiingia tumboni inageuka sumu. Damu inakuwa ya kahawia, haibebi tena hewa. Mbuzi anakufa kwa kukosa pumzi, na mapafu yamejaa upepo! Hata binadamu, akimeza..."

Hapo akanyamaza, jambo ambalo Lomunokol hakuwahi kuliona. Kisha akaruka juu ya bodaboda ya kwanza.

Akai alikuwa ameenda kliniki na mtoto. Uani, mbuzi alikuwa amelala ubavu, anahema kwa shida, fizi zake za kahawia. Bonge lilikuwa limevunjwavunjwa, na vipande vilivyolambwa vilikuwa mbele ya mbuzi, kama chumvi ya mifugo. Namuria alikaa kivulini akisugua tumbaku kiganjani pamoja na unga mweupe, kama anavyoisugua siku zote kwa magadi.

Wandera alisimama nje ya ua na kukohoa. Alitafuta mtu wa kumpitishia ujumbe. Alimwona mbuzi, ambaye hakuwa katika hali ya kutumwa. Akakohoa tena. Namuria, kwa heshima zake, akageuza uso ili mkwe apite, na mkono ukapanda kuelekea mdomoni.

Alimrukia. Alimshika mama mkwe mkono, yeye mwenyewe, mchana kweupe, na tumbaku ikamwagika mchangani. "Usile, mama! Ni sumu! Ni nitrati!" Hofu ikamfungua, na somo lote likamtoka, na joto, na chembe, na oksijeni, huku machozi yakimtiririka. Mbuzi aliacha kuhema kabla somo halijafika kwenye roketi.

Namuria alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake.

"Hii yote ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Na asubuhi mdomo yako ilikuwa wapi?"

Wandera alikitazama tena kidole gumba cha mguu wake. Akai alikuwa anaingia langoni, na mtoto mgongoni alikuwa akilia njaa.