Makabidhiano ya Justa

Angela Rwehumbiza hakuwahi kumaliza kikombe cha chai ofisini. Alikuwa akimimina, anakunywa mafunda mawili, anakumbuka jambo, anainuka. Mhudumu wa usafi akipita mchana anakuta chai imepoa na kufanya utando. Hata akiketi, mguu wake mmoja ulikuwa unacheza chini ya meza. Wenzake walisema mama huyu akizikwa itabidi kaburi liwekewe mlango. Yeye alicheka nao, kisha akatoka kwenda kuangalia kama dereva ameshatia mafuta.

Alikuwa mratibu wa kifua kikuu katika halmashauri moja ya Mwanza, na Zahanati ya Mwabugoye, iliyokaa mpakani kabisa na halmashauri ya jirani, ilikuwa chini yake. Shida ya Mwabugoye ni kwamba wagonjwa wake wengi walitoka ng'ambo ya mpaka, kwa jirani. Kila bajeti ilipokaribia wakubwa wa pande mbili walinuniana: dawa zetu, wagonjwa wenu. Mwishowe ikaamuliwa kwamba huduma ya watu wa ng'ambo ihamie Kituo cha Afya cha Kasanzu, kule ufukweni, chini ya halmashauri ya jirani. Angela akapewa kazi ya kusimamia makabidhiano.

Aliifanya kazi ile kama mtu anayezima moto. Asubuhi yuko Mwabugoye, mchana yuko Kasanzu, jioni yuko kwenye simu. Alikuwa na msemo wake aliourudia katika kila kikao: kila mgonjwa atibiwe karibu na nyumbani kwake. Na kweli, nani wa kubishana na maneno kama hayo? Nani anataka mtu anayekohoa apande vilima vya mawe kwenye jua kufuata vidonge, wakati kituo kipo mtaani kwake? Angela alijivunia hilo, na sitamlaumu. Mimi mwenyewe ningepiga makofi.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa sista Rebeka, muuguzi wa Mwabugoye, mwanamke wa maneno machache aliyekaa chumba cha kifua kikuu, kile cha dirisha kubwa, tangu kilipofunguliwa. Siku ya makabidhiano, mahema yameshafungwa na soda ziko mezani, alimvuta Angela kando ya ukuta.

"Dada Angela, kuna mmoja naomba abaki kwangu. Anaitwa Justa, yule wa kwenu Bukoba, anayechambua dagaa sokoni Mwaloni."

"Anakaa wapi?"

"Kasanzu. Nyuma ya kituo."

"Sasa si ndiyo vizuri? Anatoka mlangoni, anaingia mlangoni."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe. Naomba tukae kidogo nikueleze."

Angela aliangalia upande wa mahema. Gari la wageni lilikuwa linaingia. "Rebeka, nikimwacha mmoja, kesho kila muuguzi atakuwa na wake. Mpe maelekezo kama wengine. Tutaongea."

Hawakuongea. Neno hilo "tutaongea" limeshaumiza watu wengi katika nchi hii, ila hakuna aliyewahi kulipeleka polisi.

Waliokuja kupokea waliongozwa na Obedi Malimi, mratibu wa upande wa pili, mtu mnene na mpole ambaye hasaini kitu mpaka akisome chote. Alisoma ukurasa mmoja, akanywa soda, akasoma mwingine. Angela alisimama nyuma ya kiti chake akiwa na funguo za gari mkononi, akizichezesha mpaka Obedi akageuka kumtazama. Walisaini, wakapigwa picha, wakala pilau. Dawa zilipakiwa zikavuka mpaka. Chumba cha dirisha kubwa kikageuzwa stoo.

Juma lililofuata Obedi alipiga simu. Wagonjwa wote walikuwa wamefika Kasanzu isipokuwa mmoja.

"Nani?" Angela aliuliza.

"Justa. Nilikuwa nataka nifunge taarifa, dada. Siwezi kufunga na mtu hajapokelewa."

Kikombe kilibaki mezani kimejaa. Angela aliendesha hadi Mwabugoye kwa mwendo ambao trafiki mwenye kitabu cha faini angefurahi nao. Alimkuta Rebeka kwenye chanjo za watoto, mama mmoja akimshikilia mtoto anayelia. Rebeka alimaliza, akanawa mikono taratibu, akaikausha. Angela alitamani amshike hiyo mikono aikaushe yeye.

"Alikuja," Rebeka alisema. "Alikuja kila asubuhi kama kawaida yake, akielekea kazini. Nikamwambia sina dawa, zimehama. Akasimama pale mlangoni, akaniuliza amekosa nini."

Ndipo akaeleza kile ambacho hakikupata nafasi siku ya pilau. Mgonjwa wa kifua kikuu humeza dawa kila siku kwa nusu mwaka, na lazima awe na mtu wa kumsimamia, wa kumwona akimeza kwa macho yake. Wengi humchagua mume, au mke, au mama. Justa alimchagua Rebeka, kwa sababu nyumbani hakuna anayejua. Mumewe, Shimba, huwa visiwani kwenye uvuvi. Mke wa kwanza wa Shimba alikufa kwa kifua, na mama mkwe alishasema mbele ya watu kwamba ugonjwa ule hautaingia tena nyumbani kwake. Kwa hiyo Justa aliwaambia ana vidonda vya tumbo. Hata mtoto wake mdogo Justa alimleta kimya kimya, akapimwa, akakutwa salama. Na Kasanzu hawezi kukanyaga, maana anayeita majina mapokezi ni wifi yake.

"Alipita kituo cha mlangoni kwake akaja huku akijua anachofanya," Rebeka alisema. "Wako wengi wa namna hiyo. Ila wale wengine wamejikaza wakaenda."

Angela aliona aibu, na aibu yake ilikuwa na joto kama homa. Miaka yote hiyo alikuwa akisema karibu na nyumbani, na hakuwahi kujiuliza kama nyumbani ni mahali mtu anapotaka kujulikana. Alimpigia Obedi palepale uani.

"Obedi, huyo Justa usimfuatilie nyumbani. Tafadhali. Nitakuja kukueleza."

"Dada, utaratibu unasema mgonjwa asipofika afuatiliwe. Nimeshamtuma mhudumu wa jamii tangu asubuhi."

"Mrudishe."

"Simu yake haipatikani."

Afanyeje? Aende Kasanzu awahi mlango wa mama mkwe, akajieleze yeye ni nani na anataka nini? Hilo lingekuwa kumwagia moto mafuta ya taa. Aliona bora amwahi Justa mwenyewe. Akageuza gari kuelekea soko la Mwaloni, Kirumba, akipiga honi kwa watu ambao hawakuwa na kosa lolote, akimlaani kila mwenye bodaboda na mwishowe akijilaani mwenyewe.

Mwaloni palikuwa na joto na harufu ile ambayo mgeni huziba pua na mwenyeji haisikii. Aliuliza kwa mwanamke mmoja, akaelekezwa kwa mwingine, akaruka viroba, akapigwa kikumbo na mbeba mzigo aliyemwita mama samahani bila kupunguza mwendo. Justa alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele yake turubai la dagaa, vidole vyake vikitenga wazima na chenga. Alikuwa mdogo kiumri kuliko Angela alivyomfikiria, mashavu yameanza kurudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi naitwa Angela. Mimi ndiye niliyekuhamisha."

Vidole havikusimama. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuambia kuna mtu ametumwa nyumbani kwenu. Nimejaribu kumzuia nimechelewa."

Sasa vidole vilisimama. Angela aliongea haraka, Kiswahili kikichanganyika na Kihaya, akiahidi hiki na kile, na katikati ya ahadi simu ya Justa ikaita. Justa aliitazama, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa.

"Ndiyo, mama. Ndiyo. Niko kazini. Ndiyo, nimesikia."

Aliirudisha simu kwenye mkunjo wa kanga. "Kuna mtu kaja na kizibao cha kituo kuniulizia."

"Hakutaja ugonjwa. Hawaruhusiwi kutaja."

"Ataje nini, waitu?" Ile "waitu" ya nyumbani kwao, ya kumwambia mtu kwa heshima, ilimchoma Angela kuliko tusi. "Mama kampigia binti yake pale mapokezi. Wameshamaliza."

Angela alisema twende pamoja, nitaongea na mama mkwe wako, mimi ni mtu mzima. Justa alikataa. Gari la serikali likisimama pale nje, alisema, itakuwa habari ya mtaa mzima badala ya nyumba moja. Angela akabaki na mikono haina kazi. Alimwelekeza nyumbani kwake Mkolani, geti la bluu baada ya kanisa, akamwandikia namba ya simu na kuchukua ya kwake. "Ikishindikana kabisa, njoo," alisema. Alilisema kama watu wanavyosema karibu chakula, huku roho ikimwambia haitashindikana.

Akaenda Kasanzu kuchukua dawa. Obedi alimngoja barazani amesimama, jambo ambalo si la kawaida kwake.

"Nilimtuma mimi," alisema. "Utaratibu ndivyo unavyosema."

"Utaratibu niliuandika mimi, Obedi. Wewe umeusoma tu, tena wote."

Dawa hazitoki kituoni bila mgonjwa au msimamizi wake kusaini. Angela alivuta kalamu akajiandika yeye kuwa msimamizi wa Justa. Obedi alisoma, akasoma tena, akainua macho.

"Umejiandika wewe? Kila siku? Wewe huyu?"

"Mimi huyu. Na huyo binti wa mapokezi?"

"Nimeshamwita. Hatakaa tena pale." Alifunga dawa vizuri kwenye bahasha, akazitoa mwenyewe mpaka kwenye gari.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tangu alfajiri Angela alishafagia uwanja ambao haukuwa na uchafu, akaenda jikoni, akasahau alichofuata, akarudi. Simu ya Justa ilikuwa imezimwa. Alijiambia wamepatana, wamelala vizuri. Alijiambia pia mambo mengine ambayo hakuyataka yakae kichwani. Jua lilipoanza kukolea juu ya mawe, geti likagongwa.

Justa alikuwa amebeba mtoto mgongoni na begi mkononi, na beseni kichwani lenye vyombo. Macho yake yalikuwa makavu. Inaonekana kulia alikuwa amekumaliza njiani.

"Mama mkwe hakunipiga," alisema. "Alinipangia vitu vyangu vizuri. Amesema anaogopa, amezika mmoja, hawezi kuzika wawili. Shimba nimempigia, atavuka kurudi wiki ijayo, tutajua." Akashusha beseni. "Umenikabidhi, mama. Sasa nipokee."

Angela alifungua geti lote. Alichukua begi. Akamkalisha sebuleni, akaingia ndani, akatoka na kile kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna ambacho mama yake humtumia kutoka Kagera, kile anachokifungua kwa wageni wa heshima tu. Alikishika kwa mikono miwili, akampa. Justa alichukua punje moja, akaiangalia, akaiweka mdomoni, na hapo ndipo alipolia, kidogo, akitafuna.

Baadaye Angela alileta maji na dawa. Justa alimeza vidonge kimoja baada ya kingine. Angela alikuwa ameshainuka kurudisha glasi jikoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Sista Rebeka alikuwa anakaa kidogo. Kuona kama sitatapika."

Angela akarudi, akaketi. Mtoto alikuwa anatambaa kuelekea viatu vya mlangoni. Simu ikaita, ilikuwa ya Obedi.

"Dada, samahani kukusumbua leo. Nafunga taarifa. Yule mama amepokelewa?"

"Amepokelewa."

"Sawa. Na anaishi wapi kwa sasa?"

Angela alitazama beseni la vyombo lililokaa katikati ya sebule yake. "Andika Mkolani. Nyumbani kwangu."

Angela aliweza kumwona Obedi kabisa akiisoma tena ile karatasi yake. "Mkolani ni halmashauri yenu," alisema mwishowe. "Basi huyo si wangu tena, dada. Amerudi upande wenu."

"Amerudi," Angela alisema, akaikata simu na kuiweka mbali. Alikaa. Mguu wake uliendelea kucheza chini ya meza, lakini alikaa.