Uzi Uliochanjwa

Huku kwetu Vulamba kila mtu anajua kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa heshima, wengine kwa huruma. Mimi ni fundi wa nguo. Mashine yangu ya kushona ilikaa kwenye baraza, kitanda changu hatua nane nyuma yake, na sufuria ya mama hatua kumi na mbili nyuma ya kitanda. Kati ya vitu hivyo vitatu nimeishi miaka arobaini na saba bila kupotea njia. Sekondari niliimaliza kwa asilimia hamsini na moja, na ile moja mama anaamini ni ya maombi yake. Kwa hiyo walipotafuta mtu wa kuchunga sanduku la kitaalamu asubuhi na jioni, mtu asiyesafiri, asiye na mikutano, asiye na mahali pa kwenda, mtihani haukuhitajika.

Sanduku lililetwa na binti wa dada yangu. Anakaa Beni na mama yake, na amesomea mambo ya mwanga. Alifika siku moja ambayo barabara ilikuwa nzuri, maana yake alifika. Begani alibeba uzi mrefu uliozungushwa kama kamba ya kufungia mbuzi. Ndani ya ganda la plastiki ulikuwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele.

"Noko, uko pale pale nilikuachaka mwaka jana," akasema; noko kwetu ni mjomba. "Hata hukugeuza kiti?"

"Nilikigeuza. Jua lilinifuata nikarudi."

Alicheka, halafu akaenda nyuma ya nyumba, akaacha kucheka.

Nyuma ya nyumba yetu kuna erozio. Sote tunaiita hivyo, kwa Kifaransa chetu. Baba alipokuwa hai ilikuwa mfereji wa maji ya mvua ambao mtoto angeuruka. Sasa ni bonde lenye kuta nyekundu, na mikaratusi iliyokuwa juu yake imelala chini, mizizi ikitazama mbingu. Jiko la jirani liliondoka msimu uliopita, na mafiga yake matatu. Kwetu kulikuwa na ufa wa upana wa kidole, mita chache kutoka kwenye dirisha la mama.

Dada yangu alikuwa amemwomba mama ahamie Beni, ingawa huko vita havijaisha.

"Nitoke kwa erozio niende kwa risasi?" mama aliuliza, na hapo mazungumzo yakaisha.

Mama ni shemasi, na shemasi mwenzake alimpa chumba kando ya kanisa, juu kabisa, kwenye udongo mgumu. Mama alimshukuru sana na hakuhama. Mimi sikumsukuma. Kumhamisha mama kulikuwa kuihamisha mashine, na kuihamisha mashine kulikuwa kunihamisha mimi.

Binti na wenzake wawili walichimba mtaro mdogo, wakafukia uzi ukivuka ufa, wakauleta mpaka kwenye sanduku lililofungwa ukutani kwangu. Nilimwuliza kioo kinajuaje habari za udongo. Hakunijibu kwa vitabu. Alichukua kipande cha lastiki kwenye meza yangu, akachora kwa kalamu ya bic mistari midogo iliyobanana, kisha akaivuta. Mistari ikaachana.

"Ndani ya uzi tumechanja mistari kama hii, kwa mwanga, maelfu, karibu karibu sana. Tunatuma mwanga wa rangi nyingi. Pale penye mistari, rangi moja inarudishwa, zingine zinapita. Udongo ukivuta uzi, mistari inaachana, na rangi inayorudi inabadilika kidogo. Jicho lako haliwezi kuiona. Sanduku linaiona, linakuandikia namba."

"Donc, basi, ni rula ya lastiki."

"Noko, ungekuja kufundisha kwetu."

Alinionyesha pia kipande kingine cha uzi, kimelegea ndani ya bomba, hakivutwi na kitu. Joto nalo hurefusha uzi, alisema. Kile kipande kinasikia joto peke yake, na sanduku linalitoa lenyewe kwenye hesabu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu wa asilimia tisini.

Namba ilianza sifuri. Ikifika arobaini, mama atoke siku hiyo hiyo. Njia ya kutuma namba mpaka Beni bila mtu ilikuwa bado haijaunganishwa, kwa hiyo kila jioni ningempigia simu. Mama naye aliahidi mbele yetu wote: "Ile uzi yenu ikisema nitoke, nitatoka. Hapana mbele ya ile siku."

Tatizo lilianzia kwenye neno. Jirani mmoja aliuliza ni nini kimefukiwa, na binti, akikunja vifaa vyake, akajibu, "Ni uzi tumeuchanja." Kwetu hapa, neno hilo halipiti bila kusalimiwa. Wakati wa Ebola wako waliochanjwa na wako waliokimbia wachanjaji kwa mawe. Mama alinyoosha mkono wake kati ya wa kwanza, na kwa wiki kadhaa kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi nyingi. Mdogo wake, aliyekaa upande wa Mabalako, alikataa. Tulimzika bila kumgusa, watu waliovaa plastiki wakimshusha, mama akiimba peke yake kando ya barabara kwa sababu wengine sauti haikutoka.

Basi jirani alipoondoka akinung'unika kwamba sasa wanachanja hata udongo, mama alisimama mlangoni akauangalia ule mtaro kwa muda mrefu. Jioni hiyo nilimkuta akivuta kitanda chake. Alikuwa amekihamishia chumba cha mbele tangu ufa uonekane. Sasa alikuwa anakirudisha nyuma, karibu na dirisha.

"Mama, unafanya nini?"

"Kilima kimechanjwa," akasema. "Mimi nilichanjwa, niko hapa. Ile mwingine alikataa, haiko. Sasa niogope nini? Shika upande ule."

Nilishika upande ule.

Naandika sentensi hiyo na mkono wangu ni mzito. Nilijua vizuri. Chanjo inakinga, uzi ule haukingi kitu, unasema tu. Ningeweza kumwambia kwa maneno matano. Lakini alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na suruali tatu za kumaliza, na kimya kilikuwa kiti kizuri cha kukalia. Nikajiambia kwamba namba ikipanda nitamwambia.

Namba ilipanda polepole, kama mzee anayekwenda sokoni bila haja. Tisa. Kumi na tatu. Mvua mbili kubwa, ishirini na sita. Kila jioni nilipiga simu Beni, na binti aliniuliza kama nimetoka nyumbani siku hiyo, nami nilimjibu kwamba nilifika mpaka kwenye mlango.

Jumatatu moja asubuhi niliamka nikakuta arobaini na mbili.

Nilisimama pale na mswaki mdomoni. Kulikuwa na jua kali. Nikajiambia: ni jua, joto limerefusha uzi. Lile bomba lenye kipande kilicholegea nilikuwa nimeonyeshwa kwa macho yangu, nikaitikia kwa kichwa, lakini Jumatatu hiyo nilisahau kwa makusudi. Mama alikuwa nyuma anaimba na kuchambua majani ya sombe. Jioni binti akauliza, "Noko, namba?"

"Iko mahali pake," nikasema. Sikusema ni mahali gani.

Jumanne arobaini na tano, jua bado. Jumatano mvua ilianza kabla ya saa nne ya asubuhi, mvua nyeusi, baridi, na jua la kusingizia halikuwepo. Sanduku likaandika hamsini na moja. Hata katika hali hiyo niliitambua: ilikuwa asilimia yangu.

Nilikwenda kwa mama jikoni. Nilikuwa nimelowa kwa hatua kumi na mbili tu.

"Mama, tutoke."

"Twende wapi na mvua hii?"

"Kwa shemasi. Uzi umesema."

Akaweka mwiko chini. "Si kilichanjwa?"

"Uzi ndio umechanjwa, mama. Kilima hapana. Uzi hauwezi kukinga. Unaona tu, unatuambia."

Aliniangalia. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu. Alifuta mikono yake kwenye kitenge, akaingia chumbani, akatoka na Biblia, godoro lililokunjwa na picha ya baba. Majirani walikuja, hata yule wa neno la chanjo, naye ndiye aliyebeba mashine yangu kichwani akipanda kwenye matope, akisema, "Ile fundi haikutembeaka, leo inabebwa na mashine yake." Watu walicheka kwenye mvua. Mama hakucheka.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nyuma ya nyumba kuliondoka. Sikuona. Nilisikia kama gunia kubwa linashushwa chini, basi. Tuliposhuka tulikuta nguzo za baraza, nusu ya chumba changu na ukuta wenye sanduku, bado limeshika. Chumba cha mama hakikuwepo. Mahali pa kitanda palikuwa hewa.

Jumapili mama alisimama kanisani kushukuru. Alisema Mungu hutumia hata uzi, na hutumia hata mtoto mvivu. Alisema, "Mutoto wangu aliona ile namba, na ile saa ile ile akanitosha mule nyumbani." Kanisa zima likageuka kunitazama benchi la nyuma. Wakapiga makofi. Nilitazama viatu vyangu, ambavyo havijawahi kunisaidia kwa lolote.

Jumatatu binti alikuja kufungua sanduku. Aliliunganisha na kompyuta yake kwenye magoti, juu ya jiwe, mimi nimesimama kando. Sikujua kwamba lile sanduku lilihifadhi namba za kila saa. Alisoma, kidole kikishuka. Kikasimama.

"Noko."

Niliinama nisome.

"Arobaini na mbili ilikuwa Jumatatu. Siku mbili nzima. Uliniambia iko mahali pake." Hakuinua sauti. "Koko, mama yako, alilala pale. Mara mbili."

"Najua."

"Mimi sitamwambia," akasema akifunga kompyuta. "Utamwambia wewe."

Kutoka pale mpaka chumba cha shemasi ni mwendo wa robo saa kupanda. Ni safari ndefu kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na sikuitania. Mama alikuwa ameketi mlangoni, miguu juani.

"Mama, kanisani ulisema ile saa ile ile. Haikuwa hivyo. Nilijua tangu Jumatatu."

Hakugeuka. "Na mimi nilijua tangu Jumatatu kama uko na kitu."

"Nani alikuambia?"

"Shati. Siku ile ulishona shati ya yule mwalimu, ukatia mikono mbili ya kushoto. Miaka yote hukufanyaka vile. Nikaona, nikanyamaza."

Ilikuwa kweli. Shati lilikuwa bado kwenye begi la mashine, limekunjwa, na mimi mwenyewe sikuwa nimeona kosa.

"Kama ulijua, kwa nini ulilala pale?"

Sasa akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake ilikuwa ile ya kuniitia chakula.

"Nilikuwa nangoja utaniambia. Uzi ya kioo ilisema siku ya kwanza. Wewe niliyekuzaa, nikasema nikungoje."

Kuku wa shemasi walipita kati yetu.  Nikakaa chini kwenye udongo, kando ya miguu yake.

Mama akasema, "Leta ile shati. Mwalimu anakuja kesho."

Nikaleta. Nilianza kufumua bega kwa wembe, na mama akashika kitambaa upande wa pili, akakivuta kidogo, ili nione uzi wa kukata.