Mjadala wa Miguu Yangu

Kila Ijumaa alasiri, siku yetu ya mapumziko, wa kanisani wakisharudi kutoka mtaa wa makanisa wa Mesaimeer na wa msikitini wakishavua kanzu, wanaume wa chumba chetu walikaa kunijadili. Mimi mwenyewe nilikuwa papo hapo, nimelala kitanda cha juu, miguu nimeiegemeza ukutani ili uvimbe upungue, na wao wako chini yangu wananizungumzia kama marehemu ambaye ndugu zake hawajakubaliana azikwe wapi.

Simu ilikuwa moja, yenye kioo kilichopasuka, ikipita mkono kwa mkono. Ndani yake nilikuwamo mimi, mdogo kama kidole gumba, nimekumbatia mpira uliochongoka kama papai, natimua mbio. Wananitazama hadi mwisho, wananirudisha nyuma, wananitazama tena.

Chumba chetu kilijiita Bunge. Kwenye kambi nyingine za walinzi pale Doha walicheza karata. Sisi tulikuwa na Spika. Alikuwa mlinzi mwenzetu kutoka Bungoma, mkubwa wetu kwa umri, aliyekalia ndoo ya kufulia iliyopinduliwa, taulo mabegani ndiyo joho lake. Bila idhini yake husemi neno. Bunge hilo lilikuwa limeshajadili wali wa kambini, katiba mpya ya nyumbani, na kama mwanamume anaweza kutoa posa kwa simu. Lakini hoja iliyodumu msimu mzima ilikuwa mimi: nina kasi, au sina?

Niseme nilivyoingia kwenye simu ile. Nyumbani Kakamega nilicheza raga shuleni. Doha nililetwa kuwa mlinzi, na kituo changu cha kwanza kilikuwa lango la shule moja ya watoto wa wageni. Jioni moja mpira wa Wamarekani, ule wanaoubeba mkononi na bado wakauita futboli, uliruka ua ukaangukia karibu na kibanda changu. Mtu mwenye akili timamu angeurusha tu. Mimi niliukwapua nikaingia nao uwanjani, nikawapiga chenga wanaume waliojifanya kunizuia kwa mzaha, nikaenda kumkabidhi mwalimu wa michezo kwa mikono miwili, kwa adabu. Mwalimu huyo alikuwa Mmarekani mwenye shingo nene na sauti ya upole. Aliniangalia miguuni kwanza, maana nilikuwa nimekimbia na buti za kazi. Kisha akaniambia nije Ijumaa asubuhi.

Nikaenda. Walikuwa walimu, wahandisi wa gesi na daktari wa meno mmoja, watu wenye vitambi vyao na furaha zao. Wakanipa nafasi ya ranibeki, yaani yule anayejificha nyuma ya ukuta wa wanaume wanene, anapokezwa mpira, kisha anatafuta upenyo kati ya miili inayogongana. Sijui nieleze vipi raha ile. Juma zima unaambiwa simama hapa, usiketi, usiegemee. Halafu siku moja unaambiwa kimbia, na watu wanashangilia ukikimbia, na mwalimu anakurekodi na kukutumia video.

Ikaja ahadi, na ahadi ndiyo iliyoniharibia usingizi. Mwalimu aliniambia shule inatafuta msaidizi wa michezo, mtu wa kukimbia na watoto na kutunza vifaa. Alikuwa amenitaja kwa mkuu wa shule. Mkuu angekuja kunitazama kwenye mchezo wa mwisho wa msimu, na akiridhika angezungumza na kampuni yangu iniachilie, kwa sababu miaka ile bila ridhaa ya kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, huhami kazi hata uitwe na malaika. Basi kutoka kwangu langoni kulikuwa ndani ya miguu yangu miwili. Mlango mwingine sikuuona, na niliutafuta.

Bungeni habari hiyo ilipofika, mzaha ulikwisha na mjadala ukawa wa kweli.

Mpinzani wangu mkuu alikuwa mlinzi kutoka upande wa Eldoret, tuliyemwita Mheshimiwa wa Bonde. Alilala kitanda cha chini, chini yangu kabisa, kitanda alichokipata kwa kutangulia kufika kambini na ambacho hangempa hata babake mzazi. Yeye aliamini kwamba mbio ni mali ya kwao, na kila mtu mwingine anaazima tu.

"Mheshimiwa Spika," alisema huku ameinua simu juu kama ushahidi mahakamani, "angalia mgongo. Umepinda! Mtu anakimbia ni kama anapita chini ya seng'enge akiiba mahindi. Kisha angalia hapa, amepewa mpira, anafanya nini? Anasimama! Watu wanakuja kumuua, yeye anasimama anafikiria. Hii si mbio. Mbio ni goti juu, kifua mbele, unaenda."

"Asimame kwani ni matatu?" mmoja akadakia, na Spika akagonga ndoo kwa kisigino.

"Oda! Oda! Mheshimiwa hajapewa nafasi."

Mtetezi wangu hakuwa Mkenya. Alikuwa Mganda, dereva wa basi la kampuni lililotupeleka kazini na kuturudisha, Mwislamu mpole aliyekuja chumbani kwetu kwa ajili ya chai na mabishano. Kiswahili chake kilitembea kwa uangalifu.

"Bassebo, mabwana, mimi naendesha basi. Kwa raundabauti ya hapa, ukiingia na kasi, Landkruza inakuua. Wewe unangoja. Unaona kanafasi, unaingia. Huyu kijana hasimami. Huyu anangoja."

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama," Spika akakubali, japo Spika hapaswi kuwa na upande.

"Simba mwenda pole ana meno, Mheshimiwa Spika! Huyu ana nini?"

Nilicheka nao. Nilikuwa najua ninachofanya. Kusubiri nyuma ya wale wanene ndiko kulikokuwa ufundi wangu. Mwili mmoja unasogea, mwingine unajikwaa, unafunguka upenyo wa kuingiza bega, na mimi nishapita. Mwalimu aliniambia hilo halifundishiki. Ila upenyo ukifunguka lazima miguu iwepo, na Mheshimiwa wa Bonde, Mungu ambariki kwa macho yake, aligundua kabla yangu kwamba miguu ilikuwa inachelewa.

Aliweka video mbili pamoja, ya mwanzo wa msimu na ya majuma machache baadaye. Hakuna aliyebisha. Katika ile ya pili nilikuwa nafika mahali upenyo ulipokuwa, wenyewe umeshafunga.

Kati ya video hizo mbili lilikuwa limetokea jambo moja dogo. Kampuni ilinihamisha kutoka shuleni ikanipeleka Lusail, kulinda lango la mnara uliokuwa bado unajengwa. Shuleni nilikuwa na kibanda na stuli. Lusail palikuwa na kizuizi cha chuma, koni, na mimi. Nilikuta kiti cha plastiki alichokiacha mlinzi aliyenitangulia. Msimamizi alipopita akakiona akakitia kwenye gari lake, akasema mlinzi aliyeketi ni mlinzi aliyelala. Halasi, yakaisha. Kuanzia asubuhi hadi jua kuzama nilisimama, na basi la kurudi nalo mara nyingi lilijaa, nikasimama humo pia. Nikivua buti, soksi zilikuwa zimechora mfereji mguuni ambao haukufutika hadi asubuhi. Mama aliniuliza siku moja kwenye simu, "Mwanangu, kusimama nako ni kazi?" Nikamwambia ndiyo Mama, tena ngumu. Akacheka, akadhani namtania.

Basi hebu fikiria watu wazima, wote walinzi, wote wasimamaji, wanabishana juma baada ya juma kwa nini mwenzao amepungua kasi. Mmoja alisema ni wali. Mwingine, ni mapafu, vumbi la huku limeyaziba. Mwingine alisema nimeanza kumwaza mke. Hakuna aliyetaja buti. Wakati ule niliwaona wajinga. Sasa nadhani waliogopa tu, kwa sababu miguu ya wote mle chumbani ilikuwa kama yangu, na hoja hiyo ikishawekwa mezani haina wa kuiondoa.

Ikapigwa kura. Hoja ya Mheshimiwa wa Bonde ilikuwa kwamba nibadilishe mtindo: nisimame wima, goti juu, na nikipewa mpira niende moja kwa moja, nisingoje kitu. Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Chumba kikatikisika. Wanaokataa? Dereva Mganda akasema la, peke yake, na mtu akamkumbusha kwamba mgeni hana kura.

Ni sisi Wakenya tu tungeweza kufanya hivyo. Mzungu yeyote ukimwambia unatoka Kenya anakuuliza mbio, na ukiulizwa sana mwishowe unaamini kwamba kila Mkenya ni kocha. Watu wa chumba changu walikuwa wameona mbio za masafa kwenye runinga tangu utotoni, wakajua mkimbiaji mzuri anavyoonekana. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukimbia huku mtu wa kilo mia na ushei anamjia kifuani. Nami, kwa kuwa nilikuwa nazama, nilishika walichoninyoshea. Nikafanya mazoezi ya goti juu kwenye uchochoro wa kambi kabla ya basi, Mheshimiwa wa Bonde akinisimamia na kupiga makofi. Alikuwa ananitakia mema. Hilo sijawahi kulitilia shaka.

Mazoezi ya mwisho mwalimu aliponiona nikikimbia wima alifunika uso kwa mkono. Akaniuliza ni nani amenifundisha kukimbia vile. Ungemwelezaje mtu kwamba ni Bunge?

Siku ya mchezo wenyewe, Bunge lote lililokuwa nje ya zamu lilikuja. Dereva alikuwa na ruhusa siku hiyo, akakodi teksi na wenzake. Mkuu wa shule alikuwepo, mama mrefu mwenye kofia pana, ameketi kwenye kiti cha kukunja. Mimi usiku huo nilikuwa nimepangiwa zamu, nikatoka Lusail asubuhi ile, na nilikuwa nimefunga miguu kwa bendeji chini ya soksi.

Mara za mwanzo nilikwenda moja kwa moja, kifua mbele, kama ilivyopitishwa, nikapigwa chini kama gunia. Basi nikaamua potelea mbali, nikarudia mtindo wangu. Nikapewa mpira, nikapinda mgongo, nikangoja. Na ukafunguka. Sijawahi kuona upenyo mkubwa kama ule, ungepitisha basi. Mbele yangu kulikuwa na nyasi tupu hadi mwisho wa uwanja, na nikasikia sauti ya Mganda peke yake ikipiga kelele, "Sasa! Sasa!"

Nikatoka. Nilikuwa nimepita wote. Kisha nikasikia pumzi nyuma yangu, pumzi nzito, ya kuforota karibu. Alikuwa daktari wa meno, aliyekuwa anachezea upande wa pili siku hiyo, mtu wa makamo mwenye kitambi. Nilikuwa naijua pumzi yake. Mazoezini nilikuwa nikimpita huku natembea. Niliiambia miguu yangu iende. Niliisihi. Ilikuwa kama kuwaamuru watu wasiokijua Kiswahili. Akanishika shati kwa nyuma, akanilaza chini taratibu, kwa huruma, kama mtu anayemlaza mtoto, na akaniuliza kama niko salama.

Mkuu wa shule hakungoja mchezo uishe. Mwalimu alikuja baadaye akaketi nami nyasini, akaniambia kwa sauti yake ile kwamba pengine mwaka ujao. Sote wawili tulijua hapakuwa na mwaka ujao. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Mimi nilikubali pale pale, na sikuona ushindani wowote uliobaki wa kujivunia.

Nilidhani Bunge lingenisulubu Ijumaa iliyofuata. Lakini kabla ya Ijumaa hiyo kufika kulikuwa na asubuhi moja ya kazi. Nilichelewa chooni nikifunga bendeji, na nilipotoka basi lilikuwa limeanza kuondoka kambini. Ukiachwa, unakatwa siku. Nikalikimbilia. Halikuwa limeshika kasi, lilikuwa linajikokota kwenye changarawe kuelekea langoni, mtoto wa darasa la pili angelifikia. Wenzangu wote walikuwa madirishani upande wangu. Waliniona vizuri, mchana kweupe, bila simu, bila kurudisha nyuma. Niliona uso wa Mheshimiwa wa Bonde ukinitazama miguu, kisha ukageuka kutazama mbele.

Dereva aliniona kwenye kioo akasimama. Akangoja. Nilipopanda hakuna aliyenitania, na watu wale walikuwa na mzaha hata msibani. Mtu alinipisha kiti, nikaketi.

Ijumaa ikaja. Wa kanisani wakarudi, wa msikitini wakavua kanzu, dereva akaleta maziwa ya chai. Spika alikalia ndoo yake lakini taulo hakuvaa. Simu ilikuwa kwenye chaji, na hakuna aliyeinyoshea mkono. Nikaenda kitandani kwangu, nikashika ngazi ya chuma nipande.

Godoro langu halikuwa juu. Mheshimiwa wa Bonde alikuwa amelishusha, akalitandika kitanda cha chini, shuka imekunjwa vizuri pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa amelala juu, amegeukia ukutani.

"Buda," nikamwita.

"Lala bana," alisema, bila kugeuka. "Hapo juu ni mbali."

Nililala pale chini hadi mwaka nilioondoka Doha, na hakuna aliyewahi kuzungumzia kasi yangu tena.